Kibanda cha Dakika Mbili

Winfrida Eliudi alitengwa na Meza ya Bwana mwaka wa tisini na nne, mwezi wa Agosti, wiki ile kahawa ilipoiva kwa pamoja na watu wakakosa hata muda wa kusengenya. Barua ilisomwa kanisani na Filemon, mzee wa kanisa wa mtaa wao, ambaye wakati huo alikuwa bado na nywele nyeusi na koti lililomzidi mabega. Kosa lilielezwa kwa maneno machache: amepokea posa ya Mwislamu wa Moshi mjini na kumwoza binti yake Rachel nje ya kanisa. Alitakiwa asimame mbele ya usharika aseme amekosa, ndipo arudishwe kundini. Winfrida hakusimama. Alisema pale pale alipokaa, na jirani zake wote wakasikia, "Mtoto nimemzaa mimi, posa nimepokea mimi, kosa silioni."

Tangu siku hiyo akahamia benchi la mwisho. Jumapili hakosi. Anaimba sauti ya pili, anatoa sadaka, na sikukuu ya mavuno huleta mkungu wa ndizi ambao kwenye mnada wa nje ya kanisa watu huugombania mpaka wakasahau kwamba walikuja kusali. Ndizi zake hazikutengwa. Ila wenzake wakiinuka kwenda madhabahuni, yeye hubaki amekaa, mkoba mapajani, akitazama visogo. Anavijua visogo vyote vya usharika ule. Vipo alivyoviona vikiwa vyeusi, vikaja kuwa vyeupe, vikatoweka.

Alipotengwa alikuwa na miaka arobaini na sita. Sasa alikuwa na sabini na sita, na lililomsumbua lilikuwa kengele. Mumewe Eliudi, aliyefariki miaka mitatu kabla ya mambo yale, alizikwa kwa kengele, mchungaji mbele, kwaya nyuma, akalazwa kwenye kihamba chao, shamba la ukoo, upande wa juu penye migomba. Aliyetengwa hazikwi hivyo. Wanawe wangechimba kaburi, majirani wangekuja, machalari ya ndizi na nyama yangepikwa, lakini kengele isingelia, na watu wa ng'ambo ya korongo wasingejua kwamba Winfrida amekwenda. Naye alitaka alale kando ya Eliudi na kengele ilie. Na hakutaka kusema kwamba ndoa ya Rachel ni dhambi. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yake kama mafahali wawili kwenye zizi moja, na zizi lilikuwa linachoka.

Vile vitabu vilifika Jumatano moja ya mwezi wa pili. Rachel alivileta kwenye mfuko wa salfeti, ameupakata juu ya bodaboda kutoka mjini. Huko chini anaitwa Rahma, jina alilopewa alipoolewa. Akishaanza kuipanda Old Moshi anakuwa Rachel tena, naye huitika kote kote bila kununa.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Hiyo ni sukari?"

"Ni vitabu. Shakiru anakusalimu. Anasema wewe ndiye unayeishi jirani na barafu, labda vitakufaa."

Shakiru, mkwewe, huuza vitabu vya mitumba kando ya barabara mjini. Safari hii alikuwa ameletewa robota kutoka Arusha, akaambiwa ni vitabu vya shule. Alipolikata kamba, chote kilichomo kilikuwa mpira wa magongo. Tena si ule wa kwenye nyasi. Ni ule wa kuchezea juu ya barafu, watu wamevaa viatu vyenye visu.

"Vyote?" Winfrida akauliza.

"Vyote, Mama. Vya watoto wachanga, vya wanafunzi, vya wazee. Shakiru anahisi kuna mtu huko Kanada amefariki, familia ikagawa kabati zima."

"Na wateja wanasemaje?"

"Amepata mmoja. Alitaka hiki kinene, cha kuwekea chini ya mguu wa kitanda, Shakiru akakataa."

Winfrida alikiinua hicho kinene, akakipima kwa mkono kama mtu anayepima kuku. Yeye aliishia darasa la nne, lakini la nne la zamani, ambalo mtoto alisoma Agano Jipya bila kukwama na akijikwaa alijua fimbo ilipo. Kitabu kwake hakikuwa kitu cha kuwekea kitanda. Kiingereza ndicho hakuwa nacho, ila Rachel alikuwa nacho cha kutosha. Amekifundisha sekondari miaka ishirini na saba.

"Nisomee," akasema. "Anza na cha chekechea. Mtu haingii darasa la saba siku ya kwanza."

Cha chekechea kilikuwa na kurasa sita za kadibodi, pembe moja imetafunwa na meno ya mtoto asiyejulikana. Dubu anavaa viatu, dubu anateleza, dubu anaanguka, anainuka, anafunga goli, anakunywa supu kwa mama yake. Winfrida alisikiliza kwa makini, mikono imetulia.

"Kwa nini hakuvunjika kiuno?"

"Ni dubu, Mama."

"Hata dubu ana kiuno. Lete kinachofuata."

Kinachofuata kilikuwa cha wanafunzi, chenye picha kubwa za rangi, na hapo udadisi ulimpanda kweli. Alitaka kujua kila kitu. Zile fimbo alizitambua mara moja: vigoe kabisa, kama vya kuvutia matawi ya kahawa, ila vimepindwa upande wa chini. Mpira wenyewe haukuwa mpira bali kisahani cheusi kama kitumbua kilichoungua. Wachezaji walikuwa wamejaza vifua na mabega kwa masponji mpaka wakafanana na maghala. Na katika ukurasa mmoja alikaa kijana peke yake ndani ya kibanda cha kioo kando ya uwanja, mlango umefungwa, kofia ngumu kichwani, mtu mmoja amevaa suti amesimama jirani yake.

"Huyu ndiye mgeni rasmi," Winfrida akasema.

Rachel akatazama. "Inaelekea. Amewekewa kioo."

"Na yule wa suti ni katibu wake. Lakini mbona mgeni rasmi amevaa kama wachezaji? Labda ni mbunge, wanapenda kuvaa jezi."

Wakati huo ndipo Filemon alipopiga hodi. Alikuwa ameacha kupiga hodi nyumba ile kwa miaka mingi, isipokuwa kuulizia ndizi za mavuno. Safari hii alikuja na neno lake: mwezi wa kumi na mbili anastaafu uzee wa kanisa, na alitaka jambo la Winfrida liishe yeye akiwa bado kwenye baraza, kwa sababu waliokuwepo mwaka ule wamebaki yeye na mzee Ezra tu.

"Karibu, meku," Winfrida akamwambia. Meku ni jina la wanaume waliokwisha zeeka.

"Meku ni nani? Mimi mdogo wako mwaka mzima."

"Shikamoo Baba," Rachel akasema.

"Marahaba, Rachel. Habari za mjini." Akaketi, akakohoa kikohozi cha mtu mwenye hotuba. "Mama Rachel, nimekuja juu ya lile jambo. Mimi na wewe hatuna umri wa kuchezea. Ukiondoka kesho, kengele—" Macho yake yakaanguka juu ya picha. "Hiyo ni barafu?"

Filemon alikuwa mpagazi wa mlimani tangu ana miaka kumi na nane, kisha kiongozi wa wageni mpaka magoti yalipokataa. Hakuna mtu mtaani aliyethubutu kumweleza habari ya barafu. Alikivuta kitabu, akakisogeza mbali, akakisogeza karibu.

"Hawa ni waongo," akatangaza. "Barafu ya Kibo ina makali, ina mashimo, na jua likitoka inalia kama mlango mbovu. Hii ni sakafu ya hospitali."

"Wanaimwagilia maji usiku, Baba, ili iwe laini," Rachel akamsomea.

"Wanaimwagilia barafu maji." Filemon alitafakari. "Na huyu wa kwenye kioo?"

"Mgeni rasmi," Winfrida akajibu.

Rachel alikuwa amefika kwenye maandishi madogo chini ya picha. Akaanza kucheka kimya kimya, mabega yakitikisika.

"Mama, si mgeni rasmi. Huyu amekosa. Amempiga mwenzake kigoe cha miguu. Hicho ni kibanda cha adhabu. Anakaa humo, wenzake wanacheza pungufu."

Filemon alikiweka kitabu juu ya meza polepole.

"Anakaa mpaka lini?" Winfrida akauliza.

"Dakika mbili. Kosa kubwa zaidi, tano. Kuna saa inahesabu juu pale, kila mtu anaiona."

"Na zikiisha?"

"Yule wa suti anafungua mlango, anarudi mchezoni."

"Anasema nini kwanza?"

"Haijaandikwa kama anasema kitu."

Winfrida akamgeukia Filemon, uso mkavu kabisa. "Haya, mzee wa kanisa. Ulikuwa unanieleza juu ya kengele."

Filemon aliondoka bila kumaliza hotuba. Jumatano iliyofuata alirudi saa nne asubuhi, kabla hata Rachel hajafika, akasema alikuwa anapita tu. Amevaa miwani ya kusomea.

Ndivyo walivyoingia darasa la saba, yaani kile kinene, watu watatu kwenye meza moja na chupa ya chai. Kitabu kile kiliandikwa kwa ajili ya wazee wanaokumbuka michezo ya zamani, na wazee wa Old Moshi wakakielewa vizuri tu. Kulikuwa na wanaume wasio na meno ya mbele wakicheka. Kulikuwa na golikipa aliyedaka miaka mingi uso mtupu, mpaka siku aliposhonwa nyuzi ndipo akavaa kinyago. Kulikuwa na mabingwa waliopokezana kulibeba kombe wakaliangusha mtoni. Winfrida alitaka kujua kombe liliokolewa na nani. Filemon alitaka kujua mto ulikuwa na kina gani. Rachel alisoma mpaka koo likakauka.

Lakini Winfrida hakuwa ameondoka kwenye kile kibanda. Kila Jumatano aliuliza swali lingine. Je, mtu anaweza kusahaulika humo? Hapana, saa ipo. Je, upande wa pili ukifunga goli? Basi yule wa adhabu ndogo anatoka hata kama muda haujaisha, kwa kuwa timu imekwisha umia. Je, akikosa golikipa, goli linaachwa wazi?

Rachel alipekua nyuma, kwenye kanuni zenye herufi kama chawa. "Golikipa haendi. Anakaa golini. Mwenzake mmoja aliyekuwa uwanjani anakaa kwenye kibanda badala yake."

"Mwenzake ambaye hakukosa?"

"Ndiyo."

"Na wote wanajua hakukosa?"

"Wanajua, Mama. Anakaa kwa niaba."

Winfrida akaomba asomewe mstari ule mara ya pili, na mara ya tatu kwa Kiswahili cha taratibu, kama mtu anayeandikiwa dawa. Filemon alikuwa ameshika kikombe kisicho na chai.

"Filemon. Mimi mlinipa muda gani?"

"Mpaka utubu."

"Hiyo si saa. Iliandikwa wapi?"

"Kwenye daftari la usharika."

"Umeliona tena tangu siku ile?"

Filemon akakipeleka mdomoni kile kikombe kitupu.

Asubuhi iliyofuata Winfrida alikuwa anakata majani ya ng'ombe kando ya mfereji, na kitu alichokikwepa kwa miaka thelathini kikamjia mbele wazi wazi. Watu wote walijua alipokea posa. Hakuna aliyeuliza siku ya harusi yenyewe alikuwa wapi. Posa aliipokea kwa kiburi, mchana kweupe. Lakini Filemon alipomletea onyo la kwanza la baraza, moyo ukamlegea, na siku Rachel anaolewa mjini yeye alibaki nyumbani akichambua maharage. Maharage yenyewe yalikuwa safi. Binti aliolewa mama hayupo. Alirudi baada ya wiki mbili, akamsalimia mama yake, hakuuliza. Na mama hakusema. Winfrida akasimama pale mferejini na mundu mkononi, akiona kwamba alikuwa amekalia kosa lisilo lake, huku lake la kweli hajaulizwa na mtu yeyote.

Jumamosi ya kikao cha baraza alivaa kitenge kipya, akafunga kile kitabu kinene ndani ya kanga, akashuka hadi ofisi ya usharika. Mchungaji alikuwa Violet, mwanamke aliyekuwa bado anabebwa mgongoni mwaka barua iliposomwa. Aliinuka kumpisha kiti.

"Shikamoo Bibi. Umekuja mwenyewe?"

"Marahaba, Mchungaji. Nimekuja kuuliza muda wangu unaisha lini."

Daftari lilitafutwa kabatini, likapatikana chini ya vitabu vya nyimbo vilivyochakaa. Mchungaji Violet akafungua, akasoma jina, tarehe, kosa. Safu ya mwisho, ya kurejea, ilikuwa tupu. Na safu ya kabla yake, ya siku ambazo mzee wa mtaa alimtembelea aliyetengwa kumshauri, kama utaratibu unavyotaka, nayo ilikuwa tupu.

"Mzee Filemon?" Mchungaji akauliza.

Filemon akainuka. "Sikwenda kumshauri. Mara ya kwanza niliogopa ulimi wake. Baadaye nikaona aibu kwa kuwa sikwenda mara ya kwanza. Ndiyo ikawa hivyo." Akaketi.

"Tusichanganye mambo," mzee Ezra akasema. "Kutubu ni kutubu. Halafu nasikia habari za vitabu vya michezo. Kanisa si mchezo, Mama Rachel."

"Najua, Ezra. Ndiyo maana nashangaa mchezo una saa na nyinyi hamna." Winfrida alifungua kanga, akaweka kitabu mezani, hakukifunua. "Humu wameandika kwamba mmoja akiwa kibandani, wenzake wanacheza pungufu. Mmecheza pungufu miaka thelathini. Mmefungwa mangapi?"

Mzee mmoja wa upande wa dirisha alicheka, akajifanya anakohoa. Mchungaji Violet hakucheka. Aliuliza lile swali ambalo lazima liulizwe, kwa sauti ya chini.

"Bibi Winfrida, kuna jambo unalojutia mbele za Mungu?"

"Lipo."

Baraza zima likainama mbele. Ezra akachukua kalamu.

"Siku mwanangu anaolewa sikwenda. Niliwaogopa ninyi. Nilikaa nyumbani nachambua maharage. Hilo ndilo ninalojutia, na mnaweza kuliandika."

Kalamu ya Ezra ilibaki hewani. "Hilo si kosa lililoandikwa hapa."

"Lililoandikwa hapo silijui. Nimeulizwa kosa langu au la mtu mwingine?"

Walibishana mpaka saa saba. Ezra alisema hakuna kanuni ya kutubu jambo ambalo baraza halikulishitaki. Filemon alisema hakuna kanuni inayokataza, na kama ipo isomwe. Haikusomwa. Mwisho mchungaji akachukua kalamu mwenyewe, akaandika tarehe kwenye ile safu tupu. Ezra akachukua kofia yake, akatoka bila kuaga, na mpaka leo akikutana na Winfrida njiani husalimia kwa kikohozi.

Desturi ya pale ni kwamba anayerejea husimama mbele, na alilotubu husomwa usharika wote ukisikia. Winfrida alilijua hilo. Alimwambia Rachel tu kwamba aje Jumapili, avae vizuri. Rachel alikuja na mtandio wa zambarau, akaketi benchi la mwisho, mahali ambapo mama yake alikuwa ameusugua ubao kwa miaka thelathini. Winfrida akapita katikati peke yake.

Mchungaji Violet akasoma: "Mama yetu Winfrida anajutia kwamba siku ya harusi ya binti yake, Rachel, hakwenda kusimama naye."

Watu walikuwa wanatafuta dhambi iko upande gani. Kisha mwanamke mmoja wa kwaya akavuta pumzi kwa sauti, na visogo vyote, vile Winfrida alivyovijua kimoja kimoja, vikageuka kwa pamoja kutazama nyuma. Rachel alikuwa ameuvuta mtandio mpaka machoni. Mabega yalitikisika, na safari hii hakuwa anacheka. Winfrida alimwona kutoka mbele, mbali vile, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini akaliona kanisa lile kutoka upande wa madhabahu.

Akapiga magoti na wengine. Mkate akaupokea, kikombe kikafika, akanywa. Akakunja uso kidogo, akafikiri.

Nje, mnada ulikuwa umeanza na mtu anaweka bei ya jogoo. Rachel alikuja akamshika mama yake mkono, wakasimama hivyo mpaka Filemon alipowakaribia kupongeza.

"Filemon," Winfrida akasema, "hii divai mmeibadilisha."

"Tangu mwaka elfu mbili na tatu. Ile ya zamani ilikuwa inawachoma wazee tumbo."

"Ile ilikuwa na ukali wake. Hii ni tamu kama soda."

"Mama Rachel, umerudi leo, leo hii unalalamika."

"Silalamiki," Winfrida akasema. "Nauliza nani alikubali."